Mbunge wa Kanada halazimiki kuuza kampuni yake

Ule ujumbe wa "Kanada, ukitaka ubunge uza kwanza kampuni zako zote" umerudi tena kwenye magrupu. Si kweli. Mbunge wa kawaida wa bunge la shirikisho anaweza kuendelea na biashara yake, mradi atangaze maslahi yake. Akiwa waziri ndipo mambo hubanwa: haruhusiwi kuendesha biashara, na hisa zake za sokoni aziuze au azikabidhi kwa mdhamini, yaani msimamizi huru wa mali, ndani ya siku 120. Mdhamini hununua na kuuza bila kumwambia. Mali ni yake, ila hajui kilichomo. Wengi huona kukabidhi ni kuuza. Sheria ya mgongano wa maslahi ya 2006, yenye masharti hayo ya mawaziri, inasomeka mtandaoni, pamoja na matamko ya viongozi. Ukiletewa ujumbe huo, uishie kwako.