Feza ya ulemavu: CNSS inalipa nani, na dosye inatengenezwa namna gani

Kwenye madirisha yetu ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kongo, hapa Lubumbashi malalamiko yanaongezeka. Baba anatoka Katuba au Ruashi na sertifika ya daktari mkononi, anaomba «feza ya walemavu» ambayo amesikia kwamba sheria mpya imempa. Sheria hiyo ipo: ni namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, juu ya haki za mtu anayeishi na ulemavu. Tunaiheshimu, na kila mtu aitumie anapodai haki zake. Lakini CNSS hailipi feza ya kila mwezi kwa sababu tu mtu ana ulemavu. Inalipa mfanyakazi aliyeandikishwa, ambaye alichangiwa, kufuatana na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanaambiana mtaani kwamba ofisi «inakula» feza yao. Hatuwezi kula feza ambayo haikuingia kamwe.

Basi kuna milango miwili, na ni lazima kujua unagonga upi.

Wa kwanza ni ajali ya kazi na ugonjwa unaotokana na kazi. Jiwe likimwangukia fundi kwenye mgodi, au dereva akigongwa akielekea kazini kwa njia yake ya kila siku, ni mlango huu. Hapa hatuulizi ulichanga miaka mingapi. Hata aliyeanza jana analindwa. Mchango wa tawi hili, 1,5% ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Mlango wa pili ni pensheni ya ulemavu, kwa mtu ambaye ugonjwa au ajali isiyo ya kazi imemwondolea theluthi mbili ya nguvu zake za kupata kipato. Hapo muda wa michango unahesabiwa. Tawi la pensheni linachukua 10%: tano za mwajiri, tano za mfanyakazi. Tano zako zinakatwa kwenye mshahara, lakini anayezipeleka CNSS ni mwajiri, na akizikata bila kuzipeleka, deni ni lake, pamoja na nyongeza za kuchelewa. CNSS ina uwezo wa kisheria wa kumlazimisha alipe.

Kwa hiyo usingoje uumie. Omba namba yako ya CNSS ungali mzima, na weka fishi za mshahara mahali ambapo mvua haifiki. Nawaomba hasa vijana wa kampuni za sutretansi (zinazofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa) kwenye migodi, wanaobadilisha mwajiri kila miezi michache: kila mara mkataba unapokwisha, daini sertifika ya mwisho wa kazi. Watumishi wa Leta (serikali) wana mfuko wao, CNSSAP; wasipange mstari kwetu.

Ajali ikitokea, mwambie mkubwa wa kazi siku ileile, mbele ya wenzako, na uandike majina yao. Ni mwajiri anayepaswa kuitangaza ajali. Akikataa, wewe mwenyewe au jamaa yako mnaweza kuitangaza, na Mkaguzi wa Kazi anaweza kuombwa kufanya uchunguzi. Mwajiri anayempa mgonjwa feza kidogo ili anyamaze hajamsaidia: mguu ukikatwa mwaka ujao, karatasi ya ajali haipo.

Kisha sertifika. Sertifika ya Sendwe au ya hospitali nyingine inafungua dosye, haiifungi. Kiwango cha ulemavu kinaamuliwa na daktari-mshauri wa CNSS, naye anaweza kukuita tena baada ya muda. Wengine wanakasirika: «Daktari wangu ameandika 70%!» Ndugu, daktari wako anakutibu, daktari-mshauri anapima kile sheria inachouliza, na kila dosye inaangaliwa peke yake. Usipokuja unapoitwa, malipo yanaweza kusimamishwa.

Kinachochelewesha dosye nyingi si ugonjwa, ni majina. Karte ya uchaguzi inasema Ngoy, fishi ya mshahara inasema Ngoie, na mwajiri ametuma tangazo la Ngoyi. Mwingine ameandika jina la baba mahali pa jina la ubatizo. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na michango inagawanyika. Rekebisha kabla ya kuomba, kwa hati ya kuzaliwa au hukumu ya mahakama inayoichukua nafasi yake. Usimpe komisionere (mtu wa kati) feza ili «apitishe» karatasi: hawezi kubadilisha kiwango cha daktari wala kuongeza miezi isiyolipwa. Na anayetoa sertifika ya uongo atarudisha yote aliyopokea, na anaweza kufikishwa mahakamani, hata kama ni komisionere aliyemtengenezea.

Wachimbaji wa mikono ambao hawana mwajiri anayewachangia, ukweli ni mgumu: mkiumia kwenye shimo, milango hii miwili haiwafungukii. Inatuuma kumwambia hivyo mama aliyeleta mtoto wake mgongoni na mume kwenye kiti cha magurudumu, lakini kumtuma arudi kesho kutamzidishia mzigo.

Dosye ikikataliwa, omba sababu kwa maandishi, andika barua ya kupinga, na chukua nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ikikubaliwa, tutangazie ukirudi kazini au ukihama Lubumbashi. Ukifika umri wa kustaafu, miaka 60, pensheni ya ulemavu inageuka kuwa ya uzee.