Baba akiwepo, mtoto anaweza kubeba bastola mawindoni?

Wengi Marekani hudhani kuwa mzazi akiwa kando, mtoto yuko huru kuning'iniza bastola kiunoni porini. Sivyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kumiliki bastola. Uwindaji umo katika misamaha, lakini lazima awe na idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na karatasi hiyo aibebe mwenyewe muda wote alio na silaha. Ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Njiani kwenda mawindoni, bastola haina risasi na imo ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Bunduki ndefu hazimo katika katazo hili. Jimbo nalo laweza kukaza zaidi.