Zaka yako imtoe mtu kwenye mstari

Kila Ramadhani ikikaribia, wafanyabiashara wa Darajani, Unguja, na Chake Chake, Pemba, hutuuliza: zaka nigawe vipi? Wengi wao huwa wameshaamua. Mchele kilo mbili, sukari kilo moja, tende kidogo, na mstari mlangoni tangu alfajiri. Wanaosimama ni kina mama na wazee, mtaa mzima ukiwatazama.

Kufuturisha ni sadaka njema, hatumzuii mtu. Zaka ina hukumu yake. Mali ikifikia nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka, asilimia 2.5 yake haihesabiwi tena kuwa ya mwenye mali. Mwenye shilingi milioni 100 ameshika milioni 2 na nusu za watu. Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja makundi 8 yenye haki nayo, na imeanza na mafakiri na maskini. Anayepewa anachukua chake. Kumpiga picha akipokea ni kumvunjia heshima.

Milioni 2 na nusu ukizigawa kwa watu 250, kila mmoja anapata shilingi 10,000. Haimalizi wiki. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, ameeleza njia nyengine: fakiri apewe cha kumtoa kwenye uhitaji. Mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe rahisi au ghali, na mfanyabiashara apewe mtaji. Kwetu hapa, mshoni wa Wete anahitaji cherehani, mvuvi wa Nungwi nyavu, na mama wa Paje anayelima mwani anahitaji kamba, vigingi na chanja ya kuanikia. Kwa fungu la tajiri mmoja watatoka watu wachache tu kwa mwaka, na wengine watangoja. Kungoja huko kunauma, ndiyo maana tunawahimiza matajiri wa mtaa mmoja wakusanye zaka zao pamoja, au wazipitishe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, taasisi ya Serikali ya Zanzibar.

Lakini zaka haisafishi mshahara uliodhulumiwa. Mwenye hoteli anayewapunja wahudumu wake mwaka mzima, kisha akawafuturisha, bado anadaiwa, na deni hilo ni la kulipwa kwanza.

Wengine hutuuliza kama zaka inafuta kodi. Haifuti, kwani hisani ya tajiri haitoshi peke yake. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa zama zake, alianzisha kwa mali yake jengo la Zahanati Kongwe pale Mji Mkongwe mwaka 1887, akafariki 1891 kabla halijakamilika. Mkono wa mtu mmoja unafika anapopenda yeye na kwa umri aliojaaliwa. Mama mjamzito wa Micheweni anahitaji mkunga usiku huu, na mkunga huyo analipwa kwa kodi.