Nguzo ya Gati Huoza Wapi Hasa?

Imani ya kwamba nguzo ya mbao ya gati huoza kwanza chini, kwenye sehemu iliyozama daima, imeenea kwa muda mrefu, na huwafanya baadhi ya wanaopanga ukarabati kung'oa nguzo ambazo bado ni nzima. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu pamoja na oksijeni; ndani ya tope oksijeni ni haba mno, na ndiyo maana majengo mengi ya Venice yamesimama kwa karne nyingi juu ya magogo yaliyokitwa humo. Uozo hushika zaidi pale mbao inapolowa na kukauka kwa zamu, yaani karibu na usawa wa maji, na vilevile kwenye kichwa cha nguzo kilichoachwa wazi kwa mvua, ambacho, kwa maoni yangu, hukaguliwa kidogo kuliko inavyostahili.

Baharini hali ni tofauti. Huko wamo viumbe wa jamii ya kombe, wenye umbo la mnyoo, wanaotoboa mbao iliyo majini na kuila kwa ndani huku uso wake ukionekana mzima. Kwa hiyo nguzo hugongwa na kudungwa kwa chombo chenye ncha, kuanzia kichwani hadi usawa wa tope, kabla ya kuamua kama itabaki.