Mnasihi Aliyekataa Kukuamulia Hajakunyima Huduma

Malalamiko dhidi ya wanasihi wa afya ya akili yanayotufikia sisi wa kamati ya maadili yanazidi kuongezeka, na kwa upande mmoja jambo hilo ni la heri, kwa kuwa mtu hailalamikii huduma asiyoitumia. Kinachotusumbua ni aina ya malalamiko yenyewe. Mengi yanasema jambo lile lile: nilikwenda, nikazungumza karibu saa nzima, mnasihi akanisikiliza na kuniuliza maswali, lakini hakuniambia nifanye nini. Makosa yaliyo mazito kweli, yale yanayoweza kumgharimu mnasihi usajili wake, tunayakuta kwa nadra, tena yametajwa kwa kupitiwa tu katikati ya barua inayolalamikia kitu kingine. Makala hii imekusudiwa kuwasaidia wananchi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kusikiliza ni kazi ya kitaalamu. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alieleza masharti ambayo, kwa hoja yake, ndiyo yanayomwezesha mteja kubadilika, na matatu kati ya hayo yanamhusu mnasihi moja kwa moja: amwelewe mteja kwa namna mteja mwenyewe anavyoyaona mambo, amthamini bila kumwekea masharti, na awe mkweli mbele yake badala ya kujificha nyuma ya cheo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Edward Bordin, aliongeza kwamba ushirikiano wa mnasihi na mteja husimama juu ya mambo matatu, yaani kukubaliana lengo, kukubaliana kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Utafiti mwingi uliofuata umeonyesha kwamba ubora wa ushirikiano huo ni miongoni mwa viashiria vya kutegemewa zaidi vya matokeo ya tiba, iwe mnasihi anafuata mkabala huu au ule.

Kati ya tiba za mazungumzo, tiba saidizi ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu kwa nje inafanana na maongezi ya kawaida. Haikusudii kufukua utoto wa mtu wala kubomoa kinga zake za ndani, yaani namna akili yake inavyojilinda na maumivu. Inakusudia kumshika pale alipo, kumpunguzia wasiwasi, kumrudishia heshima yake machoni pake mwenyewe na kuimarisha uwezo alionao tayari. Huwafaa waliofiwa, walioachishwa kazi, wanaouguza, wanaoishi na maradhi sugu, na pia wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo) wanaotumia dawa na wanaohitaji mtu wa kupanga naye maisha ya kila siku.

Tuseme mwanamke anayemuuguza mumewe aliyepooza ameingia kwa mnasihi, ameketi, na neno lake la kwanza ni kwamba ameshindwa kila kitu. Ndugu mwenye nia njema angemwambia asiseme hivyo, avumilie, yatapita. Mnasihi hamkanushi. Anasubiri, kisha anamwomba aeleze siku ya jana ilivyokwenda tangu alfajiri. Mama anaeleza: usiku alikuwa akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, asubuhi akamwosha, akampa dawa, akamlisha kijiko kwa kijiko, akafua mashuka, na saa kumi jioni, mgonjwa alipotema chakula, akamfokea. Hapo ndipo alipojiona ameshindwa. Mnasihi anamwambia, "Mama, umemgeuza usiku kucha ili asipate vidonda vya mgongoni, na unachojihukumu nacho ni dakika ile moja ya saa kumi." Kisha wanaitazama saa kumi yenyewe: alikuwa amekula nini hadi wakati huo, alikuwa amelala kiasi gani, ni nani katika familia angeweza kukaa na mgonjwa jioni ili yeye apumzike, na wiki ijayo mgonjwa akitema chakula tena atafanyaje.

Katika maongezi hayo mafupi zimetumika mbinu zisizopungua nne. Mnasihi amelipokea jambo bila kulipinga, amesifu tendo la kweli ambalo mteja mwenyewe amelitaja, amempa namna nyingine ya kulitazama kosa lake, na amemwandaa kwa tatizo kabla halijarudi. Sifa ya uongo isingefaa, kwa sababu aliyekata tamaa huitambua upesi, na akishaitambua haamini tena lolote atakaloambiwa.

Je, mnasihi haruhusiwi kushauri? Anaruhusiwa, na mara nyingine anawajibika kufanya hivyo. Atamweleza mteja namna ya kupanga usingizi, atamhimiza asiache dawa bila kuzungumza na daktari, atamwonyesha pa kupata msaada wa kisheria. Kama usalama wa mtu uko hatarini, atasema waziwazi nini kifanyike sasa. Ila hatakuamulia uvunje ndoa au uendelee nayo, uache kazi au ubaki. Hili tumelieleza mara nyingi na tunalirudia: anayekuamulia mambo hayo katika kikao cha pili ndiye unayepaswa kumtilia shaka. Hatabeba matokeo ya uamuzi huo, naye amekuonyesha kwamba yeye hauamini uwezo wako, ilhali kuujenga uwezo huo ndiyo kazi aliyopewa.

Lipo pia lalamiko la wazazi kwamba mnasihi alimuuliza kijana wao kama anafikiria kujiua, na hivyo "akampandikizia" wazo hilo. Si kweli. Kuuliza swali hilo kwa utulivu hakuleti wazo ambalo halikuwapo. Humpa nafasi ya kusema yule aliyekuwa akilibeba peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Mnasihi aliyeona dalili na asiulize, huyo ndiye tungemwita ajieleze.

Wengine hulalamika kwamba waliyemkuta hakuwa daktari. Hakuhitajika kuwa daktari. Nchini Zimbabwe, mpango wa Mabenchi ya Urafiki ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha wanawake wazee wa jamii kutoa tiba ya kutatua matatizo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa nao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Cha kuuliza ni kama mhusika amefunzwa, anasimamiwa na mtaalamu, na anajua mipaka yake. Mtu anayesikia sauti, aliyeacha kula, au ambaye amekaa siku kadhaa bila kulala na bado ana nguvu za kupita kiasi, hawezi kuachiwa mazungumzo peke yake. Mnasihi akimwandikia rufaa kwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili hajamfukuza.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Mnasihi haruhusiwi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mteja, na katika hili ridhaa ya mteja si utetezi. Kanuni za maadili za chama cha wanasihi cha Marekani za mwaka 2014 zinaurefusha mwiko huo hadi miaka 5 baada ya mawasiliano ya mwisho ya kitaalamu. Haruhusiwi kukukopa fedha, kukuuzia bidhaa zake, kukuahidi kwamba utapona, wala kusimulia habari zako kwa mwenzi wako, mwajiri wako au kiongozi wako wa dini bila idhini yako. Usiri una mipaka inayojulikana, kama vile hatari ya kweli kwa uhai wako au wa mwingine, mtoto anayedhuriwa, na amri ya mahakama. Mipaka hiyo unapaswa kuelezwa katika kikao cha kwanza, kabla hujatia saini fomu ya ridhaa. Usipoelezwa, hilo nalo ni kosa.

Taratibu za kulalamika hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini msingi wake haupishani sana. Lalamiko liwe la maandishi, litaje jina la mnasihi, mahali, tarehe za vikao na maneno au matendo yenyewe, si hisia zako juu yake tu. Shahidi si sharti, kwa kuwa vikao hufanyika faragha. Usifute ujumbe wa simu wala risiti. Mnasihi hupewa nakala na muda wa kujibu, hivyo barua isiyo na jina ni vigumu kuifanyia kazi. Kamati ikiridhika kwamba kosa limetendeka, inaweza kutoa onyo, kumwamuru mnasihi afanye kazi chini ya usimamizi, kumsimamisha kwa muda au kumfuta katika daftari la usajili. Palipo na jinai, polisi wana njia yao, na huna haja ya kusubiri uamuzi wetu ili uende kwao. Kurejeshewa ada ni suala lingine, wala kamati ya maadili haina mamlaka nalo.

Kulalamika hakukuondolei haki ya kuendelea kutibiwa. Unaweza kuomba mnasihi mwingine siku hiyo hiyo, na ukiridhia kwa maandishi, muhtasari wa kumbukumbu zako utahamishiwa kwake ili usilazimike kuanza kusimulia upya.