Kabla Hujajaza Kozi, Jua Kwanza Kazi Yenyewe Ni Gani

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakishatoka, ofisi yetu ya ushauri wa kazi hapa Nairobi huwa inajaa vijana na wazazi wao, na swali tunaloanza nalo ni rahisi tu: unataka kufanya kazi gani? Majibu huwa ni yale yale. Daktari, nesi, injinia, wakili, mwalimu, rubani, na siku hizi "mambo ya kompyuta". Ni kazi nzuri na sina neno nazo. Lakini kijana anazitaja kwa sababu ndizo ameziona, mwalimu amemwona darasani, nesi amemwona kliniki, wakili amemwona kwa TV, na huwezi kuchagua kazi ambayo hujawahi kusikia kwamba iko. Alafu hata hiyo aliyochagua, ukimuuliza mtu wa hiyo kazi anafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, ananyamaza. Amechagua jina la kozi.

Ndio maana nawaomba sana wanafunzi na wazazi tugeuze mpangilio. Tuanze na kazi, tujue inafanywaje na nani anaruhusiwa kuifanya, alafu ndio turudi kwa kozi na chuo.

Chukua hospitali, kwa sababu hapo ndio naona vijana wengi wakivunjika moyo bure. Mtoto anasema nilitaka kuwa daktari, sikufikisha gredi, basi imeisha. Haijaisha. Ingia hospitali kubwa kama Kenyatta na uangalie mgonjwa mmoja anavyopitia. Anapokelewa na mtu wa rekodi ambaye ndiye anajua faili yake iko wapi na data yake inaingiaje kwa kompyuta. Anaonwa na afisa wa kliniki, yule wengi wetu tunamwita daktari tu. Damu inatolewa inaenda kwa mtu wa maabara. Kama ameanguka na pikipiki anapelekwa eksrei, na aliye nyuma ya ile mashine amesomea hiyo kazi ya picha peke yake. Mfupa ukiwa umevunjika kuna mtaalamu wa kuweka plasta. Mguu ukikatwa kuna fundi aliyesoma kutengeneza mguu wa bandia, anaupima, anauchonga, anaurekebisha mpaka mwenyewe atembee, na baada ya hapo kuna wa fiziotherapia wa kumfundisha kutembea upya. Kuna mtu wa lishe, wa macho, wa dawa, kuna mfanyakazi wa jamii anayekaa na familia ambayo haijui bili italipwaje. Na hiyo mashine ya eksrei au ya kusafisha damu ikiharibika usiku, anayeitwa ni injinia wa vifaa vya hospitali, kazi ambayo nikiitaja ofisini wengi huniambia hawajawahi kuisikia, na mara nyingi anayefaa hapo ni yule kijana anayeogopa damu lakini nyumbani amefungua kila redio na kila pasi akitaka kuona ndani kukoje.

Karibu zote hizo zinafundishwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Diploma zao nyingi zinaanzia C plain na masomo fulani kulingana na kozi, na maombi yanapitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Kwa hivyo aliyepata C hajafungiwa nje ya hospitali, amekosa mlango mmoja tu.

Fanya zoezi hilo hilo na mjengo wowote unaopanda Kilimani au Upper Hill. Kabla jiwe la kwanza kuna mpima ardhi, msanifu, mtu wa kukadiria gharama, alafu injinia, msimamizi wa saiti, fundi wa mawe, wa chuma, wa bomba, wa stima, wa lifti. Sitazieleza zote. Nitasema moja tu kuhusu stima, kwa sababu watu hudharau. Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kawi, ndiye anaruhusiwa kufanya na kutia sahihi wiring ya nyumba kabla umeme haujaunganishwa, na mafundi wa sola nao wana leseni yao huko huko. Mwenye hiyo leseni na asiye nayo wanaweza kuwa wanajua kazi sawa kabisa, lakini mmoja anaitwa kwa kazi kubwa na mwingine anaitwa kubadilisha soketi.

Kitu kingine ambacho kinanisikitisha ni vyuo ambavyo tunavipita kila siku na matatu bila kujua vinafundisha nini. Mtu anashukia Survey pale Thika Road miaka yote na hajui kuna chuo hapo cha upimaji na ramani, mambo ya setilaiti na ramani za kidijitali, sio tu kusimama shambani na kile kifaa cha miguu mitatu. Barabara hiyo hiyo kuna Kenya Utalii College, imekuwepo tangu 1975, na hoteli kubwa za nchi hii zimejaa wapishi na mameneja waliopita hapo. South B kuna chuo cha mawasiliano cha KIMC, ambako ukitaka kuwa mtu wa kamera au sauti au wa kurekebisha mitambo ya kurusha matangazo utafundishwa, na pia kuna chuo cha reli. South C kuna Kenya Water Institute, na katika jiji ambalo maji yanakatika hivi nadhani hakuna haja nieleze kwa nini tunahitaji watu waliosomea maji. Embakasi kuna chuo cha anga. Huyo mtoto anayesema rubani, na mzazi amepiga hesabu ya ada ya kujifunza kurusha ndege pale uwanja wa Wilson akashindwa kulala, angefaa aambiwe kwamba ndege moja ikipaa kuna mtu amekaa akiiongoza kutoka ardhini, kuna mwingine ameitengeneza, kuna aliyepanga mizigo, kuna wa usalama, na wote hao wana njia zao za kuingilia.

Na lugha. Anayependa Kiswahili huambiwa ataishia kuwa mwalimu, kama kwamba ualimu ni adhabu. Nairobi iko na ofisi kubwa ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri, kuna mahakama ambazo zinahitaji wakalimani, kuna makampuni ya simu na benki zinazotaka programu zao ziongee lugha ya mteja, kuna video za kuwekewa maandishi chini. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwa Katiba ya 2010 na wakalimani wake wanahitajika bungeni, hospitalini, kwa matangazo ya TV. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha utafsiri na ukalimani. Lakini hapa niwe mkweli, kazi nyingi za lugha ni za mkataba, unalipwa kwa kazi sio kwa mwezi, na mtu anayetaka mshahara wa tarehe moja kila mwezi ajue hivyo mapema.

Sasa gredi. Kwa ufupi, digrii inaanzia C+, diploma C- (zile za KMTC nyingi ni C plain kama nilivyosema), cheti D plain, na kozi za ufundi zinachukua hata aliye chini ya hapo. Hiyo ni mean grade, yaani gredi ya wastani wa masomo yote, na hapo ndio watu hukosea, kwa sababu kozi nyingi haziangalii mean peke yake zinaangalia klasta, yaani masomo manne yanayohusiana na hiyo kozi, na pointi za klasta mwisho wake ni 48. Wawili wanaweza kupata B zinazofanana, mmoja akaingia uinjinia na mwingine akose, kwa sababu fizikia na hesabu za huyu wa pili ziko chini na kilichomwinua ni historia na CRE, somo la dini ya Kikristo. Kwa hivyo kabla ya kujaza, toa result slip, angalia masomo yako manne yenye nguvu ni yapi, alafu uulize ni kazi gani zinatumia hayo.

Kuna jambo ambalo nikipewa nafasi ningelibandika kwa kila steji. Kabla ya kulipa ada hata shilingi moja, uliza bodi. Karibu kila taaluma nchini iko na bodi inayoamua nani afanye kazi. Uinjinia ni Engineers Board of Kenya, na kama digrii ya chuo hicho haijaidhinishwa na hiyo bodi, utamaliza miaka mitano na hawatakusajili. Mafundi sanifu wa uinjinia wana bodi yao tofauti, KETRB. Uuguzi kuna Nursing Council. Sheria, hata ukimaliza digrii bado hujakuwa wakili mpaka upite mafunzo ya Kenya School of Law kule Karen pamoja na ile miezi ya kukaa chini ya wakili mwenye uzoefu, na mitihani, na hiyo yote ni pesa na muda ambao familia inafaa iuweke kwa hesabu. Vyuo vya kiufundi vinasajiliwa na TVETA, vyuo vikuu na CUE. Usiangalie tu kama chuo kimesajiliwa, angalia kama hiyo kozi unayoitaka ndani ya hicho chuo imeidhinishwa, hayo ni mambo mawili na kuna vyuo vinatumia jibu la swali la kwanza kuficha la pili. Tumewaona vijana wamesoma miaka mitatu wakaletwa kwetu na cheti ambacho hakuna mahali kinapokelewa. Inauma, na ilikuwa inahitaji simu moja tu kwa bodi kabla ya kulipa.

Alafu nenda uone kazi yenyewe. Kuna zile tesiti za kupima unapendelea nini, nyingi zinatokana na kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani John Holland, aliyegawa watu kwa makundi sita kulingana na wanachopenda kufanya, na zinasaidia kufungua mazungumzo. Lakini tesiti haiwezi kukuonyesha harufu ya karakana. Tafuta mtu, shangazi, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, fundi wa Kariobangi Light Industries, mhasibu wa sacco ya mzazi wako, umsalimie vizuri na umwombe nusu saa. Usimuulize kama anapenda kazi yake, maana atakujibu kwa heshima. Muulize jana alifanya nini kuanzia asubuhi. Ni nini kilimchosha? Aliingiaje? Watu wa umri wake walioanza naye sasa wako wapi? Wangapi wameacha na kwa nini? Na kama anaajiri, muulize kijana mpya huwa anakosa nini. Ongea na watu watatu wa kazi moja, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na bahati na mwingine na uchungu wake.

Wazazi wangu wapendwa, najua mmeuza ng'ombe na mmechukua mikopo ya chama, na najua kwa nini neno digrii lina uzito nyumbani. Lakini kijana anayeanza na diploma anaweza kuendelea mpaka digrii baadaye, njia iko, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, inakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi. Anayelazimishwa digrii asiyoitaka mara nyingi tunamwona tena mwaka wa pili akiomba kuhama.

Mlio na watoto wa CBE, yaani mtaala mpya wa umilisi, haya mambo kwenu yanaanza mapema zaidi, kwa sababu kundi la kwanza la Gredi 10 ni la 2026 na mtoto anachagua kati ya STEM (sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo akiwa na miaka kama kumi na tano. Kaeni na yeye mapema muangalie masomo aliyochagua yanafungua kozi gani na yanafunga zipi.

Na kwa wale ambao hawako shuleni tena, uliyejifunza welding Kamukunji au ushonaji kwa mtu na huna karatasi, NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wanafanya trade test, yaani mtihani wa ufundi, unaanza na Gredi III unapanda hadi Gredi I, na pia kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopata kazini ambapo unapimwa kwa kile unachoweza kufanya na mikono yako na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Ofisi zao ziko Industrial Area, Commercial Street. Nenda na kitambulisho na picha za kazi ulizofanya, na uulize tarehe ya mtihani unaofuata wa fani yako.