Kifuko kikubwa, yai bado changa

Wiki iliyopita mama mmoja aliitazama skrini ya ultrasaundi, akaniuliza: "Daktari, yai langu limekuwa kubwa hivyo?" Alinionyesha duara jeusi la milimita 20. Lile si yai, ni kifuko chenye maji ndani ya ovari, mnamokua yai. Yai lenyewe limejibanza ukutani mwake, upana wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ultrasaundi hailioni. Na siku ile, pamoja na ukubwa wote wa kifuko, yai lake lilikuwa bado changa.

Mwanamke huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo hubaki kama laki tatu au nne, na yatakayotoka maishani mwake ni kama 400 tu. Yote yalianza kugawa kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, kabla hajazaliwa, kisha yakasimama katikati ya kazi. Kwa hiyo yai linalotoka leo kwa mwanamke wa miaka 38 limesubiri zaidi ya miaka 38. Huwa nalisema hili taratibu, kwa sababu ndiko umri unakouma: kusubiri kukirefuka, kromosomu hukosea kugawanyika mara nyingi zaidi.

Kinacholiamsha yai ni homoni ya LH. Kifuko kikikua humwaga homoni nyingine, estrojeni. Ikipanda vya kutosha na kubaki juu kwa siku mbili hivi, ubongo huiachilia LH kwa wingi. Hapo kazi mbili huanza pamoja. Yai linamalizia mgawanyo uliokwama na kutupa nusu ya kromosomu zake pembeni, ndani ya kichembe kidogo. Ukuta wa kifuko nao unalainika. Baada ya saa 36 hivi kifuko hupasuka, mrija wa uzazi ukalidaka yai lililokwisha pevuka.

Kwenye upandikizaji wa mimba (IVF), ambapo yai hurutubishwa nje ya mwili, tunaifuata saa hiyohiyo: tunachoma sindano inayofanya kazi ya LH, tunavuna mayai saa 34 hadi 36 baadaye. Tukiwahi, mengi ni machanga; tukichelewa, vifuko vimeshapasuka. Chini ya hadubini tunakitafuta kile kichembe pembeni mwa yai. Kisipokuwepo, yai bado haliko tayari kurutubishwa.

Kazi hizo mbili huweza pia kuachana. Kuna kifuko kinachopokea LH lakini hakipasuki, yai likabaki ndani. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kikionyesha LH imepanda, hakijathibitisha kwamba yai limetoka.

Likitoka, huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mume huweza kungoja hadi siku tano, kwa hiyo siku zenye thamani ni zile za kabla.

Mzunguko wa mama yule ni wa siku 35, na kwa miaka miwili yeye na mumewe walikuwa wakiitegea siku ya 14, kama walivyoambiwa. Tulipokuwa tukilitazama lile duara ilikuwa siku yake ya 20.